Viatu vya Miaka Mia Tatu

Mlio karibu nisikilizeni, na mlio mbali ulizeni walio karibu. Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Nimehakikisha hivyo kwa usalama wangu mwenyewe. Inaitwa Tukufuni. Mkikuta humo waziri anayefanana na mmoja wenu wa nyumbani, msinitafute mimi. Mawaziri hushonewa suti na fundi mmoja.

Tukufuni ilikuwa na jumba la makumbusho, na jumba hilo lilikuwa na msimamizi, Bi. Nyamizi, mjane wa miaka hamsini na tatu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja na mtoto mmoja tu duniani, Lugendo. Kazi alifundishwa na mzee aliyemtangulia, na alifundishwa kwa ukali. Kitu hakipewi namba mpaka daftari liseme ni nini, kimetoka wapi na kilikuwa cha nani. Aliyekileta anaulizwa. Asipojua, anarudi nacho alikotoka. Akijua, Bi. Nyamizi anaandika kwa wino mweusi, anampa risiti yenye muhuri, kisha anachukua brashi nyembamba na kuandika namba kwa rangi nyeupe, mahali ambapo mtazamaji haoni. Vibao vya mbele vilikuwa vya wageni, na hapo mtu angeweza kupamba kidogo. Daftari halikupambwa.

Kitu kilichopendwa kuliko vyote humo ndani kilikuwa taya. Lilikuwa taya la chini la binadamu wa kale kabisa, lililookotwa kando ya mto ulio mpakani, na kwa ushahidi wa taya hilo Serikali ilitangaza kwamba mtu wa kwanza duniani alikuwa raia wa Tukufuni. Yule mzee, siku alipolipokea, alikwama kwenye safu ya mwenyewe. Alifikiri asubuhi nzima, mwisho akaandika: cha mtoto wa mtu.

Majirani wa ng'ambo ya mto hawakukubali. Walisema taya lilitoka kwenye ukingo wao, hivyo mtu wa kwanza alikuwa wao, na upande wa Tukufuni alivuka tu kufuata kuni. Barua zikaandikwa. Mabalozi wakaitwa nyumbani na magodoro yao. Mwezi wa tatu Tukufuni iliingia vitani kulinda heshima ya mtu asiye na jina, asiye na kitambulisho, na asiye na hata meno ya juu.

Wizara ya Vita ilibadilishwa jina ikawa Wizara ya Ushindi, ili kuokoa muda.

Waziri wa Ushindi, Mheshimiwa Ndimbo, alikuja makumbusho na waandishi wa habari kulibusu taya. Alilibusu mara nne, maana mara tatu za kwanza mpiga picha hakuridhika na mwanga. Waziri alipokuwa anafuta midomo, Bi. Nyamizi alijisogeza. Karatasi ya Lugendo ya kuitwa jeshini ilikuwa imefika juzi yake.

"Mheshimiwa, ninaye huyo mmoja tu," alisema. "Sikatai aende. Naomba tu awekwe mahali."

Waziri alikuwa na furaha siku hiyo. "Mama, mwanao ni mwanangu. Anajua kuendesha gari?"

"Anajua."

"Basi ataendesha la mwanangu. Fulgensi wangu ni mkuu wa Kikosi cha Picha. Wako kilomita arobaini nyuma ya mstari. Ushindi ukipigwa picha kwa mbali unapendeza zaidi."

Luteni Fulgensi hakuna asiyemjua. Magazeti yalimwonyesha kila wiki na viatu vyake vya ngozi ya mamba, alivyoletewa na baba yake kutoka mkutano wa amani. Buti za jeshi zilimbana, na daktari wa Wizara alithibitisha kwa maandishi kwamba zilimbana. Bi. Nyamizi alimbariki yeye na viatu vyake. Alimshukuru Waziri mpaka akashika mikono yake miwili, na kitendo hicho ndicho baadaye alichokuja kukichukia kuliko vyote alivyowahi kutenda.

*

Vita vilikwenda vizuri sana. Redio ilisema vikosi vyetu vinasonga mbele kuelekea nyuma, kwa kasi ambayo adui hakuitarajia. Ikatolewa Amri Namba Tisa, fupi na yenye kueleweka: hakuna askari wa Tukufuni aliyekufa, anayekufa wala atakayekufa katika vita hivi. Yeyote atakayesema vinginevyo atashitakiwa kwa kosa la kueneza vifo.

Amri ilitekelezwa na wote isipokuwa mizigo. Magunia yaliendelea kurudi kutoka mpakani. Yalikuwa na buti, mikanda, vioo vya kunyolea, tasbihi, rozari na kofia. Kuwapa akina mama kusingewezekana, kwa kuwa mama akipewa buti huuliza mguu uko wapi. Kuyachoma kungeleta moshi, na moshi ungeulizwa na magazeti ya nje. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili, wakala, wakanywa, na siku ya pili Mheshimiwa Ndimbo alisimama.

"Waheshimiwa," alisema, "kitu kisicho na mwenyewe ni kitu cha kale. Na vitu vya kale, katika taifa lenye utaratibu, vina nyumba yake."

Walimpigia makofi wakiwa wamesimama.

Hivyo ndivyo Sajenti Mwasile alivyofika makumbusho na lori. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuimba kanisani. Pamoja na magunia alileta katoni za vibao vilivyochapwa Wizarani, vyote sawa: Mali ya shujaa wa kale. Miaka mia tatu.

"Shikamoo mama. Tia sahihi hapa, na muhuri, nirudi."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza." Bi. Nyamizi alifungua daftari. Akatoa buti ya kwanza kwenye gunia. "Imetoka wapi, na ilikuwa ya nani?"

"Mama, si imeandikwa hapo? Miaka mia tatu."

"Hicho kibao nitakiweka, Wizara imeagiza. Mimi nauliza habari ya daftari. Bila daftari hakuna namba, bila namba hakuna risiti."

Sajenti alitazama lori. Jeshini aliwahi kulala mahabusu siku tatu kwa kupoteza risiti ya upawa. Lori la magunia bila risiti hakutaka hata kulifikiria. Amri Namba Tisa ilikuwa kubwa, lakini haikusema lolote kuhusu risiti. Akavuta kigoda, akakaa, akakuna shingo.

"Hiyo ni ya koplo mmoja, Mashauri. Kwao ni Itende. Ilikuwa Jumapili, kwenye daraja."

Bi. Nyamizi akaandika. Waliendelea hivyo mpaka jua la mchana. Sajenti alikuwa anawakumbuka wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anawakusanya. Walipomaliza alipokea risiti yake, akaikunja mara nne, akasema "Ahsante mama," na macho yake yalikuwa mekundu.

Alikuja kila wiki. Kila gunia lilipofunguliwa, kabla ya yote, Bi. Nyamizi aliingiza mkono na kutafuta ngozi ya mamba. Asipoigusa alijua kwamba Luteni yu salama, na Luteni akiwa salama dereva wake yu salama pia. Hapo ndipo alipoweza kuchovya kalamu.

*

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la makumbusho, Mama Shomvi alikuwa anauza chai na chapati. Siku moja mvua ilimkuta, akakimbilia ndani na birika lake. Akiwa anajikung'uta alitazama kabati la vioo. Akaliweka birika chini.

"Dada Nyamizi," alisema taratibu. "Hii buti ya miaka mia tatu nilimshonea mwanangu, Idi hii."

Ilikuwa imeshonwa kisigino kwa uzi wa buluu wa sare za shule. Pembeni, kwenye kiti cha enzi cha chifu mmoja wa zamani, alikaa ofisa wa Wizara aliyewekwa pale kusikiliza. Bi. Nyamizi alimshika mwenzake mkono, akampeleka mpaka kwenye tangazo la bati lililokuwa ukutani tangu enzi za wakoloni, lenye kutu kwenye pembe. Lilisema: Daftari la Makumbusho husomwa na mtu yeyote, bure, kila Jumanne, saa tatu hadi saa sita. Sheria hiyo haikuwahi kufutwa. Ili kuifuta ilibidi kwanza mtu wa Serikali aisome.

Jumanne Mama Shomvi alikuja amevaa gauni la kwendea msikitini kwenye harusi. Aliichungulia namba chini ya soli, akaitafuta kwenye daftari kwa kidole, akaipata. Alisoma mistari miwili. Kisha akavuka barabara, akazima jiko, akakaa chini kando ya makaa.

Jumanne iliyofuata walikuja wanawake tisa. Iliyofuata tena, foleni ilitoka nje ya lango. Hawakupiga kelele, maana tangazo lingine lilikataza kelele. Walisoma, wakafunga vitambaa vyao vizuri, wakaenda kulia kwenye kituo cha mabasi. Ofisa wa kiti cha enzi aliandika taarifa kwamba mapenzi ya wananchi kwa mambo ya kale yamepanda mara tisini, hasa miongoni mwa akina mama wa kipato cha chini. Wizara ilifurahi mno. Zikaanza taratibu za kumpa Bi. Nyamizi nishani.

Kulikuwa na doa moja dogo. Baadhi ya akina mama waliomba warudishiwe vitu. Mheshimiwa Ndimbo alilitatua kwa dakika kumi na kuagiza nakala elfu kumi za Fomu ya Madai ya Mali ya Kale. Mdai alitakiwa kujaza jina la marehemu, tarehe ya kifo, mahali pa kifo na uhusiano wake na marehemu. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, yeyote atakayejaza atakuwa ameeneza vifo kwa mkono wake na kutia sahihi. Fomu zilipangwa mezani, na hakuna aliyegusa hata moja. Waziri alisema hiyo inathibitisha kwamba wananchi hawana malalamiko.

*

Kiatu kilikuja siku ya Alhamisi. Bi. Nyamizi aliingiza mkono kwenye gunia la pili, na vidole vikagusa magamba.

Hakukitoa mara moja. Sajenti Mwasile alikuwa ameshavuta kigoda chake, na safari hii hakuwa anamtazama.

"Kimetoka wapi?" aliuliza Bi. Nyamizi.

"Gari la picha, mama."

"Si lilikuwa kilomita arobaini nyuma?"

"Lilikuwa. Gari halikusogea, mama. Mstari ndio uliolifuata. Tulisonga mbele kuelekea nyuma siku sita, siku ya saba tukalipita. Waliokuwa wanatufukuza wakalikuta."

"Kilikuwa cha nani?"

"Unamjua, mama. Mwenye viatu."

Bi. Nyamizi akaandika. Mkono ulikwenda vizuri. Aliandika mpaka mwisho wa mstari, akaweka nukta, akapumzisha kalamu.

"Na dereva?"

"Gari liliungua upande wa mbele," alisema Sajenti. "Luteni alirushwa nje. Dereva hakuwa na kitu cha kuletwa."

Huko nje muuza maji alikuwa anapita akipiga debe. Bi. Nyamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaongeza mstari mmoja chini ya ule wa kwanza. Kisha akachukua brashi, akaandika namba 1306 ndani ya kiatu, akasubiri rangi ikauke, akampa Sajenti risiti yake. Sajenti aliipokea kwa mikono miwili, akapiga saluti, jambo ambalo askari hamfanyii raia.

Bi. Nyamizi alipobaki peke yake alitamani kupasua kila kioo kilichokuwemo. Badala yake alikwenda kwenye ukumbi mpya ambao Waziri angekuja kuufungua Jumamosi, akakiweka kiatu safu ya mbele kabisa, katikati, juu ya kitambaa chekundu. Kibao kilikuwa kile kile. Miaka mia tatu.

*

Ukumbi wa Mababu Mashujaa ulifunguliwa kwa bendi, ngoma tatu na mvinyo. Mheshimiwa Ndimbo alihutubia kwa saa moja na robo. Alisema adui wa ng'ambo hana historia, na ndiyo maana ametaka kutuibia taya. Alisema taifa lenye viatu vya miaka mia tatu haliwezi kukanyagwa. Na ili kutilia mkazo, kama alivyozoea, alinyoosha mkono bila kutazama na kukiinua kiatu kilichokuwa karibu.

Alikiinua juu ya kichwa. Kamera zikamulika. Kisha akakishusha usawa wa macho.

Hotuba ilisimama. Watu walidhani ni kituo cha kupigiwa makofi, wakapiga. Waziri alikigeuza kiatu, akatazama soli, akaingiza vidole ndani kama mtu anayetafuta mguu.

"Hiki kimetoka wapi?" alimuuliza Bi. Nyamizi kwa sauti ya chini.

"Kibao kinasema, Mheshimiwa. Miaka mia tatu."

"Nakuuliza wewe."

"Daftari husomwa Jumanne."

"Mama Lugendo," alisema Waziri, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumtaja mtoto yule tangu siku ya kulibusu taya. "Nipe kiatu hiki."

"Kuna fomu, Mheshimiwa. Uliitunga mwenyewe." Alikuwa nayo mkononi, na kalamu. "Nafasi ya kwanza ni jina la marehemu."

Bi. Nyamizi alimtazama Waziri usoni alipokuwa akisema hivyo. Alitaka alie. Alitaka aanguke palepale mbele ya bendi, ajaze fomu kwa machozi, na wanawake wote wa foleni waone. Kwa muda mfupi midomo ya Waziri ilitetemeka kweli. Mawaziri wenzake walikuwa wameketi mstari wa mbele, na mmoja wao, aliyeitaka Wizara ya Ushindi siku nyingi, alikuwa ameacha kutafuna.

Mheshimiwa Ndimbo alikirudisha kiatu kwenye kitambaa chekundu. Akakinyoosha kilingane na vingine. Akavaa miwani ya kusomea.

"Tazameni," alisema kwenye kipaza sauti, "ustadi wa mababu zetu, ambao miaka mia tatu iliyopita walishajua kushona ngozi ya mamba."

Makofi yalikuwa makubwa. Bi. Nyamizi alimchukia pale kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote wa ng'ambo, watu ambao kwa kweli hakuwahi kumwona hata mmoja.

*

Jumanne, saa tatu kasoro, kwenye foleni alisimama mwanamke aliyejifunika khanga mpaka usoni, amekuja kwa miguu. Wote walimtambua kwa bangili. Alikuwa Mama Fulgensi, mke wa Waziri. Hakuna aliyemsalimu, na hakuna aliyempisha. Alisimama saa mbili juani, nyuma ya muuza mkaa, na hakuomba kupita.

Zamu yake ilipofika alitaja kiatu cha mamba. Mumewe alikuwa hajamwambia lolote. Alikiona kiatu kwenye taarifa ya habari, mkononi mwa mumewe. Bi. Nyamizi alimfungulia ukurasa. Mwanamke yule alisoma kwa kidole, mstari wa kwanza, kisha wa pili uliosema: Dereva, Lugendo. Hakuna kilicholetwa. Mwanangu.

"Huyu ni wako?"

"Wangu."

"Fule alikuwa ananihadithia kwenye simu. Alisema dereva wake anamchekesha mpaka kamera inatikisika."

Bi. Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, ameyapanga tangu Jumamosi. Yote yalimpotea. Alisogeza kiti.

"Nipe hiyo fomu," alisema Mama Fulgensi.

Aliijaza yote, kwa herufi kubwa. Jina la marehemu, tarehe, mahali. Kwenye uhusiano aliandika mama, na kwenye anwani akaandika nyumba ya Waziri wa Ushindi. Alipoweka kalamu chini, Mama Shomvi aliyekuwa mlangoni aliingia na kuiokota. Baada yake muuza mkaa. Ilipofika saa sita kalamu ilikuwa imekwisha wino, wakaletewa nyingine.

Ofisa wa kiti cha enzi aliita polisi. Inspekta alikuja na gari la kubebea watu, akaanza na fomu ya juu kabisa, kama kanuni inavyotaka. Alisoma jina. Alisoma anwani. Akairudisha mahali pake, akavua kofia, akawaambia vijana wake wageuze gari.

Serikali haikulala. Jumatatu iliyofuata Mheshimiwa Ndimbo, aliyekuwa amekonda ghafla, alisoma redioni tamko kwamba kwa sababu za usalama wa taifa Jumanne imefutwa mpaka ushindi upatikane. Baada ya Jumatatu itafuata Jumatano. Watakaoonekana hadharani siku ya Jumanne watahesabiwa kuwa hawapo.

Kesho yake Bi. Nyamizi alifungua lango saa tatu kamili. Foleni ya wasiokuwepo ilifika posta. Aliwagawia fomu, akawagongea mihuri, akawakabidhi vitu vyao kimoja kimoja mpaka makabati yakabaki na vibao tu. Mama Fulgensi alikibeba kiatu kwapani, kimefungwa kwenye khanga.

Walipokwisha wote Bi. Nyamizi alichukua fomu moja akajijazia mwenyewe. Jina la marehemu, Lugendo. Uhusiano, mama. Kwenye nafasi ya kitu kinachodaiwa kalamu ilisimama, kwa kuwa Lugendo hakuletewa kitu. Akafungua daftari ukurasa wa zamani, akatazama mwandiko wa yule mzee: cha mtoto wa mtu.

Akaandika: taya.

Aligonga muhuri, akajiandikia risiti. Alilitoa taya kwenye kabati, akalifunga ndani ya shati la Lugendo lililokuwa na madoa ya grisi ya gari, akavuka ukumbi akiwa amelipakata. Mlinzi wa langoni alimsimamisha, akaomba risiti. Akampa.